Nyuma ya "Nzuri Tu"

Lori la kiwanda likichelewa, kituo cha kupimia majani chai hugeuka baraza. Watu wameshatua mizigo, wamemwaga majani na kuyachambua, wametupa yaliyokomaa na kubakiza mawili na chipukizi lake. Karani amekaa kando ya mizani hana la kufanya, na mawingu yamekwisha kuanza kujikusanya upande wa msitu kama ilivyo desturi yao ya alasiri. Hakuna anayeweza kuondoka, maana jani lililochumwa leo lazima lifike kiwandani leo, la sivyo litapata moto ndani ya gunia na kuharibika. Basi watu huzungumza.

Ni katika kituo cha namna hiyo, kwenye miinuko ya Kericho ambako barabara ya Nakuru inapanda kuelekea Kedowa na Londiani, nilikomkuta nyanya mmoja ambaye wadogo kwa wakubwa tunamwita Kogo, jina la heshima la Kikipsigis kwa mwanamke wa umri wake. Nikamsalimu, nikamwuliza habari ya nyumbani.

"Nzuri tu, mwanangu."

"Hata sisi tuko sawa, Kogo," nikasema, na bila kuvuta pumzi nikaingia kwenye habari ya mbolea: imefika, haijafika, nani kapata mifuko mingapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Lori likaja, majani yakapimwa, akajitwika kikapu chake kitupu akashika njia. Wiki mbili baadaye ndipo nilipoambiwa na mtu mwingine kabisa kwamba siku ile Kogo alikuwa ametoka kumwacha mumewe wodini, na kwamba alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kukama ng'ombe.

Ukiniuliza kama nilimsikia, nitaapa kwamba nilimsikia. Ninaweza hata kukurudishia maneno yake mawili ya kwanza kama yalivyotoka. Ila moja kati ya hayo mawili sikulisikiliza, nalo ndilo lililokuwa na habari.

Kila azungumzaye Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku anajua kwamba kati ya "nzuri" na "nzuri tu" pana umbali. Kuna "nzuri sana", ya mtu aliyepokea bonasi. Kuna "nzuri kiasi". Kuna "si mbaya", ambayo ni mbaya kidogo. Kuna "tunaendelea", "tunasukuma", "tunashukuru Mungu", na kila moja ina uzito wake kutegemea sauti imepanda au imeshuka. Adabu ya salamu zetu inataka jibu la kwanza liwe la heri. Hujambo hujibiwa sijambo hata na mgonjwa aliye kitandani, na mtu aliyekuja kutangaza msiba atasema habari ni njema kabla hajaweka ile "ila" yake. Wageni huliona jambo hili kuwa unafiki. Mimi naliona kuwa ni mlango wenye komeo jepesi: mwenye nyumba hajaufunga, ila anataka kwanza kujua kama anayebisha ana nia ya kuingia au anapita tu. Jibu la kwanza kwetu si jibu. Jibu liko kwenye "ila", kwenye "lakini", kwenye "tu", na maneno hayo yote huja nyuma, sentensi ikiwa inaelekea kwisha.

Na nyuma ndiko hasa sikio la binadamu huwa limekwisha kuondoka.

Hapa ndipo penye kuhitaji subira kidogo ya kueleza. Tumezoea kusema kwamba asiyesikiliza ana kasoro ya tabia: ana kiburi, ana haraka, hajali. Huenda. Lakini kuna sababu nyingine isiyochagua mwema na mwovu. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilichapisha matokeo ya kupima mazungumzo ya kawaida katika lugha kumi za mabara mbalimbali, kuanzia Kijapani na Kidenmaki hadi lugha ya jamii ya wawindaji wa Namibia. Kiswahili hakikuwamo. Walitaka kujua jambo moja: mtu akimaliza kuuliza, mwenzake huchukua muda gani kuanza kujibu? Zipo lugha za wepesi na lugha za wazito, lakini kwa wastani pengo lilikuwa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Ni kama kupepesa jicho.

Sasa weka hesabu ya pili kando ya hiyo. Ukimwonyesha mtu mzima picha ya ng'ombe na kumwambia ataje jina la anachokiona, ubongo wake huchukua zaidi ya nusu sekunde kabla neno "ng'ombe" halijatoka mdomoni. Neno moja tu. Sentensi nzima hudai zaidi. Kama maandalizi ya neno moja yanakula zaidi ya nusu sekunde, na jibu linatoka baada ya sehemu ya tano ya sekunde, basi hesabu haina njia nyingine ya kwenda: kila mmoja wetu, hata yule mwungwana kuliko wote pale kituoni, huanza kulipika jibu lake mwenzake angali anasema. Ndivyo mazungumzo yanavyoweza kwenda mbio bila kukwama. Na ndivyo mkia wa sentensi ya mwenzako unavyokukuta jikoni, umeinamia sufuria yako.

Katika lugha nyingine huenda hasara si kubwa. Kwetu, tunaopenda kuanza na heri na kuuweka mzigo mkiani, hasara ni mzigo wenyewe. Nilipokuwa nikiandaa "hata sisi tuko sawa", ile "tu" ya Kogo ilipita kama matatu isiyo na abiria wa kushuka.

Dawa yake haina ufundi mkubwa, ila inaudhi kuitumia: ni kuongeza pengo. Mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alikaa miaka mingi akisikiliza kanda za madarasa ya sayansi, na katika miaka ya 1970 akaeleza alichokikuta. Mwalimu akiuliza swali, kwa kawaida alingoja kama sekunde moja, kisha akamwita mtoto mwingine au akajibu mwenyewe. Walimu walipofunzwa kungoja sekunde tatu, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa wajinga wakaanza kusema. Sekunde tatu! Jaribu kuzihesabu ukiwa umemtazama mtu usoni baada ya kukwambia "nzuri tu". Ni ndefu kama Jumapili. Utatamani kusema lolote, hata habari ya mbolea.

Kericho ina mwalimu wake wa kungoja, naye ni mvua. Mtu aliyekulia chini ya mabati anajua: ikianza kupiga, hasa ile ya mawe inayotoboa majani ya chai kama risasi, mazungumzo yanakatika katikati ya neno. Hakuna anayeshindana nayo. Mnakaa mnatazama mlangoni, chungu cha chai kikiwa katikati yenu, na ile sentensi iliyokatika inabaki kwa mwenyewe akiitafuna. Mvua ikipungua, nimeona mara nyingi, mtu hairudii sentensi ile ile. Hurudi na nyingine iliyo karibu zaidi na kilichomleta. "Kwa kweli si habari ya shamba iliyonileta," atasema. Nusu saa ya mabati imefanya kazi ambayo maswali yangu yangeiharibu.

Lakini pengo peke yake halitoshi, kwa sababu liko jambo la pili linalotuzuia kusikiliza, nalo limo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili kimeliunda kwa ustadi: ukisikia, umepata sauti, au harufu, au hata njaa na baridi, maana hivyo vyote kwetu husikika. Ukisikiliza, umeongeza nia. Mkisikilizana, mmefika mahali pa kuelewana, ndiyo maana mnunuzi na muuzaji wa viazi pale Kedowa wakiisha kupatana bei husema wamesikilizana. Mpaka hapo ni vizuri kabisa. Ila angalia upande wa pili wa sarafu: "mtoto huyu hasikii" haina maana kwamba ana ugonjwa wa masikio. Maana yake hatii. Msikivu ni mtiifu. "Nisikilize mimi" ya mzazi ni amri ya kufuata. Tangu utotoni, basi, tumefundishwa kwamba anayesikiliza ameshindwa, na anayesikilizwa ameshinda.

Usishangae kwa hiyo mtu akikataa kusikiliza kwa nguvu zake zote. Mume anayemkatiza mkewe kabla hajamaliza habari ya karo mara nyingi ameielewa vizuri sana. Anachoogopa ni kwamba akimwacha amalize atakuwa amekubali. Kusikiliza na kukubali vimeshikamana kichwani mwake kama mahindi na gunzi, na hajui kuvitenganisha. Ukiweza kumwonyesha mtu kwamba anaweza kusikiliza jambo hadi mwisho na bado akasema hapana, umempa uhuru mkubwa kuliko mbinu yoyote ya kutikisa kichwa.

Katika eneo hili hofu hiyo ina historia. Kedowa, Londiani na Kipkelion ni makazi ya watu wa jamii kadhaa waliokutana kwa reli, kwa mashamba ya walowezi na kwa kununua ardhi baada ya uhuru. Vurugu za baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 zilipofika huku, nyumba zilichomwa na majirani wakakimbiana. Wengi walikimbilia uwanja wa monasteri ya Kipkelion, ya watawa wa Kitrappisti waliofika huko katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado ukiitwa Lumbwa. Kuna kitu ambacho kimenikaa tangu nilipokifikiria: watawa hao wanaishi kwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo neno lake la kwanza kabisa ni agizo la kusikiliza, na maisha yao yote wameyapanga kuzunguka ukimya. Mwaka 2008 jumuiya yenyewe ikalazimika kuhama, ikaenda Uganda.

Baada ya hapo taifa lilijaribu kusikiliza kwa wingi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoanza kazi 2009, ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi na kukabidhi ripoti yake Mei 2013. Mambo mawili ya tume hiyo yanamhusu hata mtu anayetaka tu kuzungumza vizuri na jirani yake. La kwanza, wanawake walipangiwa vikao vyao peke yao, kwa kuwa katika vikao vya wote wasingeyasema yaliyowapata. Anayesikiliza si peke yake chumbani, na waliokaa kando yake nao wanaamua nini kitasemwa. Kogo asingenieleza habari za mumewe mbele ya karani hata kama ningengoja sekunde thelathini. La pili ni chungu zaidi. Mengi ya mapendekezo ya ripoti ile yamebaki kwenye karatasi. Watu waliofunua vidonda vyao wakaona hakuna kilichofuata walijifunza kitu, nacho si kizuri: kwamba ukiombwa useme, huenda ni kukutoa maneno tu. Ndiyo maana siku hizi ukimwendea mtu ukiwa na daftari, hata kama ni la kuandika bei ya maziwa, atakutazama mara mbili.

Turudi kwenye mambo madogo, maana huko ndiko mtu hutumia siku yake.

Mwanasosholojia Charles Derber, katika kitabu cha 1979 kuhusu jinsi Wamarekani wanavyogombea kutazamwa, alitenganisha majibu ya aina mbili. Moja hubakiza mazungumzo kwa aliyeyaanza. Nyingine huyahamisha yakaja kwa anayejibu. Mwenzako akisema, "Wiki hii nimepeleka kilo kumi na mbili tu," ukamjibu, "Mimi hata hizo sikufikisha," umemhamisha. Hukumtukana, tena ulidhani unamfariji. Ila uwanja sasa ni wako, na itambidi yeye akuulize kulikoni. Kosa langu kwa Kogo lilikuwa hilo hasa, na kibaya ni kwamba lilivaa nguo za ujirani. "Hata mimi" ni neno la upendo. Linasema hauko peke yako. Likija baada ya mtu kumaliza ni zuri kweli, likija kabla ni mlango unaofungwa kwa tabasamu.

Wenzake wa "hata mimi" tunawajua. "Jikaze." "Mungu ana mpango wake." "Afadhali wewe." "Yataisha." Tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wachuuzi na abiria kwenye makutano ya Londiani, mwendo mfupi tu kutoka Kedowa, na zaidi ya watu 50 wakafa. Baada ya siku kama hiyo kila mtu wa barabara ile alijua nyumba ya kwenda kutoa pole. Msibani hayo maneno yote husemwa, na simlaumu anayeyasema, kwa kuwa mtu akiona kilio mikono yake hutafuta cha kushika. Lakini tazama kinachotokea baada ya "jikaze". Mfiwa hunyamaza. Amepewa kazi, nayo ni kumfanya mgeni asijisikie vibaya. Mgeni anayeketi, akapokea kikombe chake, akasema "pole" na kisha akakaa kimya kwa muda mrefu hadi mfiwa mwenyewe aseme, "Alitoka hapa saa nane," huyo amefanya jambo.

Na afanye nini baada ya "alitoka hapa saa nane"? Hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko mingine. Mwaka 2000 Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, waliwaomba watu wasimulie tukio waliloponea chupuchupu. Baadhi ya wasikilizaji walisikiliza kawaida. Wengine walipewa kazi ya siri: kuhesabu maneno ya msimuliaji yanayoanza na herufi "t". Hawa walikaa wametulia, wanamtazama msemaji, wamekaza sikio kwelikweli, ila akili iko kwenye herufi. Matokeo yake ni kwamba wasimuliaji wao waliharibikiwa. Walipofika kwenye kilele cha kisa walikwama, wakazungukazunguka, wakajieleza kama washtakiwa. Kisa kile kile, kikikosa mtu wa kushtuka mahali pa kushtukia, kilikufa mikononi mwa mwenyewe.

Kwa hiyo ukimwona mtu fulani "hajui kuongea", angalia kwanza anaongea na nani. Wazee wetu wa hadithi hawakuhitaji Canada kulijua hili. Msimuliaji wa Kiswahili hutamka "Paukwa!" na haendelei mpaka wasikilizaji waitike "Pakawa!" Hakuna hadithi bila kiitikio.

Katika kibanda kimoja cha chai kando ya barabara kuu, wanaposimama madereva wa malori ya Kisumu na Busia, yuko mama anayepika chapati na ambaye, kwa maoni yangu, ni msikilizaji hodari kuliko watu wengi wenye shahada ya ushauri nasaha. Nimekaa pembeni mara kadhaa nikimchunguza. Hatazami sana usoni, kwa sababu macho yake yako kwenye chuma cha chapati. Silaha zake ni chache. Ana "eeh" tatu: fupi ya kusema niko hapa, ndefu inayoshuka ya kusema nimeelewa, na ile inayopanda mwishoni kama imejikwaa, ya kusema hapo sijapata vizuri, rudia. Ana "kumbe!" anayoitumia kwa ubahili, mara moja au mbili kwa kisa kizima, na inapotoka dereva hunyooka kwenye benchi. Na ana swali moja.

"Ikawaje?"

Msikilize dereva aliyeibiwa betri kule Mau Summit. "Nikalala kidogo tu," anasema. Mtu mwingine angeuliza, "Kwa nini ulilala hapo?" na dereva angeanza kujitetea, maana "kwa nini" yetu ina harufu ya kituo cha polisi. Mama anageuza chapati. "Ikawaje?" Na ile "-ka-" yake inamwita "-ka-" ya dereva: nikaamka, nikaona taa haziwaki, nikashuka, nikakuta waya umekatwa, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemwahidi mtoto nitafika kabla hajaenda shule. Haya ya mtoto hakuna aliyeyauliza. Yamekuja yenyewe, yakiwa yameshikana mkono na yaliyotangulia. Sijui lugha nyingi, lakini sidhani ziko nyingi zilizompa msikilizaji kitu kidogo namna hiyo chenye nguvu namna hiyo: neno lisilohukumu, lisilokisia, linalosukuma kisa hatua moja tu mbele na kukiacha mikononi mwa mwenyewe.

Nalinganisha na ule ufundi uliotoka Marekani. Carl Rogers na Richard Farson ndio walioupa jina la usikilizaji hai, katika kijitabu cha 1957, na kiini chake kilikuwa chema: jaribu kuona jambo kama anavyoliona msemaji, kisha umwonyeshe kwamba umeliona. Baada ya miaka mingi ya semina, kiini hicho kimenywea hadi kuwa sentensi moja ya kukariri: "Kwa hiyo unachosema ni kwamba..." Mwambie hivyo mkulima wa Kipkelion uone. Atadhani unaandika taarifa ya mashahidi. Kumrudishia mtu maneno yake kunafaa, ila si yote. Mrudishie moja, lile lililokuwa na uzito, na ulirudishe kama lilivyo. Kogo akisema "nzuri tu", unasema "tu?" Halafu zile sekunde tatu.

Wapo watu ambao kazi yao hasa ni hii na bado inawashinda, kwa hiyo asijione mbaya mtu yeyote. Mwaka 1984 watafiti wawili, Howard Beckman na Richard Frankel, walichunguza mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa huko Marekani wakakuta kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa sekunde 18 baada ya kuanza kueleza kilichomleta. Wagonjwa waliofika mwisho wa maelezo yao hawakufika hata robo. Daktari hakukosa huruma. Alikuwa amepata fununu ya ugonjwa akaikimbilia. Wanaojua sana ndio wanaokatiza sana: mwalimu, mchungaji, afisa wa kilimo, kaka mkubwa. Ujuzi hutupa jibu mapema, na jibu likishafika mdomoni linawasha.

Upande mwingine wa kipimo wako nyanya wa Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliwafunza wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kile ambacho Kishona hukiita "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Nasi tunasema vivyo hivyo: fulani ana mawazo. Hatua yao ya kwanza ni kuzifungua fikra za mtu, na ndipo yeye mwenyewe achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kitu ninachokiona mimi katika benchi lile ni umri wa wanaoketi kusikiliza. Nyanya hana haraka, hana cheo cha kulinda, na hakuna anayedhani kwamba akimsikiliza kijana amemtii.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ni lazima amsikilize kila mtu kila saa. Kuna jirani anayekuja na kesi ile ile tangu mwaka wa juzi, hataki msaada, anataka shahidi. Kuna anayetafuta sikio la kumwagia umbea. Huyo wa pili ukimpa "ikawaje" umekuwa mshirika wake. Na kuna siku mtu umechoka, umepeleka majani tangu asubuhi, simu inaita. Ni heshima zaidi kusema, "Nimechoka, nitapita kwako kesho jioni," kuliko kukaa ukihesabu herufi "t". Ila kesho jioni uende.

Nilikutana na Kogo tena mwezi uliofuata, kituo kile kile, lori limechelewa vile vile. Mumewe alikuwa amerudi nyumbani, hilo nilikuwa nalijua. Nikachagua kuketi upande wake wa mbali na karani, juu ya gunia lililokunjwa.

"Habari ya nyumbani, Kogo?"

"Nzuri tu."

Niliihisi "hata sisi" ikinipanda kooni, nikaimeza. Akawa anachambua majani kwenye mapaja yake, jani moja moja, ingawa yalikuwa yameshachambuliwa. Nikasema, "Tu?"

Hakuinua macho. Matone ya kwanza yakagonga bati, machache, kama mtu anayejaribu mlango. Akasema kijana wake wa Nairobi amepiga simu. Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na mvua ikaja yote kwa pamoja.

Ilipopungua lori lilikuwa limefika na watu wamesimama kwenye mstari. Akaniambia nimshikie upande mmoja wa kikapu.

"Anataka tuuze lile shamba la chini," akasema, tukiwa tunaburuta kuelekea kwenye mizani.

"Eeh."

"Baba yake bado hajui."

Karani akaita namba yake. Akapimiwa, akapokea risiti, akaikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la leso. Namba yangu ilikuwa bado mbali. Alikuwa na ng'ombe wa kukama, nami nilijua, lakini alirudi akaketi palepale juu ya gunia.